Weka nyuzijoto 37: ubongo wa kompyuta mbele ya wanaoujua ubongo

Ukumbi wa kongamano kubwa la sayansi ya ubongo hupangwa kama Sabasaba: safu kwa safu za mabango, watu wanabanana, kila mmoja amevaa kitambulisho shingoni. Mkutano wa kila mwaka wa Society for Neuroscience kule Marekani huvuta watu zaidi ya 20,000. Mwenye bango husimama mbele ya kazi yake akieleza jambo lilelile kwa kila anayesogea, na wanaosogea hawafanani. Huyu anachoma seli mojamoja kwa kijibomba cha kioo chenye ncha isiyoonekana kwa macho, yule anapiga picha vichwa vya watu kwa MRI, wa tatu ni daktari wa kifafa aliyekuwa anatafuta kahawa tu.

Tuseme leo zamu ni yako. Una laptopu, na ndani yake programu iitwayo NEURON, ambayo kazi yake ni kuiga seli za neva. Umeunda seli moja ya kitabuni, umeitia mkondo mdogo wa umeme, na mstari kwenye kioo umeruka: kutoka milivolti -65 hadi karibu +40, kisha ukashuka, yote ndani ya milisekunde chache. Huo ndio mpigo wa neva, lugha ambayo seli za ubongo husemeshana. Mstari umependeza. Mgeni wako, mtu wa panya, ambaye miaka yote amekuwa akikata ubongo vipande vyembamba na kuviweka hai kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, anatazama kidogo halafu anauliza, "Hapo joto ni ngapi?"

Unatafuta kwenye mipangilio. Ni nyuzijoto 6.3.

Anacheka. "Panya wangu angekufa kwa baridi. Weka 37."

Unaweka 37, unaendesha upya. Mstari unainuka kidogo, unafanya kijinundu, unalala. Mpigo hakuna.

Anayetaka kuuza kitu angefunga laptopu hapo na kuomba radhi. Mimi naona onyesho ndiyo kwanza limeanza, kwa sababu ukifuatilia ile 6.3 ilikotoka utakuwa umeeleza karibu kila kitu kuhusu programu hizi, pamoja na sababu ya wanasayansi wa ubongo kuzitazama kwa jicho la pembeni.

Ilitoka kwa ngisi. Ndiyo, ngisi huyuhuyu wa kuliwa na wali wa nazi. Ana neva nene ajabu, inaweza kufika milimita moja kwa upana, anayoitumia kubana mwili wake na kuruka nyuma anapotishwa. Neva nyingi za ubongo wetu ni nyembamba kuliko hiyo mara mia kadhaa hadi elfu. Kwa hiyo enzi ambazo vifaa vilikuwa vikubwa na seli ndogo, ngisi alikuwa zawadi: waya unaweza kuingizwa ndani ya neva yake kwa urefu. Kwenye maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipima umeme unaopita kwenye utando wa neva hiyo, wakafanya hesabu zao katika joto hilo la chini, na mwaka 1952 wakachapisha milinganyo inayoeleza mpigo unavyozaliwa. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Milinganyo yenyewe ni minne tu. Nje ya neva kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na kwenye utando kuna vijilango vya kila moja. Umeme ukipanda kidogo, milango ya sodiamu inafunguka haraka, sodiamu inamiminika ndani, umeme unapanda zaidi. Halafu milango hiyo inajifunga yenyewe, na ya potasiamu, ambayo ni mizito kuamka, ndiyo inafunguka, na umeme unashushwa. Mlinganyo mmoja unafuata volti; mitatu inafuata milango.

Tatizo ni kwamba milinganyo hii haina jibu unaloweza kuliandika kwa mstari mmoja. Lazima uende hatua kwa hatua: sasa volti ni hii, basi milango itakuwa hivi, basi baada ya kitambo kidogo volti itakuwa ile, rudia. Kompyuta ya Cambridge, EDSAC, ilikuwa imezimwa ikifanyiwa marekebisho. Huxley akachukua kikokotoo cha mkono aina ya Brunsviga, cha kuzungusha mpini, akazungusha kwa wiki kama tatu mpaka akapata umbo la mpigo mmoja unaosafiri.

NEURON inafanya kazi ileile ya mpini. Michael Hines, aliyeianzisha akiwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na kuiendeleza katika Chuo Kikuu cha Yale, aliipa chaguo-msingi la hatua ya milisekunde 0.025, yaani hatua 40 kwa kila milisekunde. Wiki tatu za Huxley zinaisha kabla hujainua kidole kwenye kibonyezo. Lakini ndani ya programu hakuna ujuzi wowote wa ubongo ambao mtu hakuuweka. Ukiomba seli ya Hodgkin na Huxley unapewa ngisi, na ngisi anakuja na baridi yake.

Sasa ile 37. Katika milinganyo hii, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya milango huzidishwa mara 3. Kutoka 6.3 hadi 37 milango inakwenda karibu mara 29 ya mwanzo. Utando wenyewe haujaongeza kasi. Bado unajaa chaji polepole kama tangi linavyojaa maji. Matokeo yake sodiamu inafungiwa mlango na potasiamu inafunguliwa kabla tangi halijapata kitu. Ngisi halisi naye, ukizidi kuipasha neva yake, hufika mahali mpigo ukakoma. Kwa hiyo programu haikukosea. Ilijibu sawasawa swali ambalo halikuwa la mgeni: ngisi aliyetiwa kwenye joto la panya hufanyaje? Anayetaka panya ahesabu kwa milango ya panya, na wapo wengi waliokwisha kuipima na kuiandikia milinganyo. Yale wana hazina iitwayo ModelDB, ilianza mwaka 1996, yenye mifano zaidi ya elfu moja inayopakuliwa bure. Unachagua wa panya, unaendesha tena, na safari hii mgeni anavuta kiti.

Watu wengi wanaposikia "programu ya kuiga ubongo" hufikiria kitu kimoja. Viko vingi, na ugomvi mwingi kwenye makongamano hutokana na mtu kuuliza programu moja swali la nyingine. Fikiria ramani. Ukitaka duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unahitaji ramani inayoonyesha kila uchochoro. Ukitaka kujua ubadilishe wapi basi la mwendokasi, mchoro wa vituo na mistari unatosha, na vichochoro vingekuchanganya tu. Ukitaka kujua mizigo inatokaje Mwanza kwenda Mtwara, ramani ya mikoa inakutosha.

NEURON ni ramani ya vichochoro: kila seli ina matawi yake, kila tawi limekatwa vipande, kila kipande kina milango yake. Misingi ya kukata matawi hivyo iliwekwa na Wilfrid Rall miaka ya 1960. Programu za NEST na Brian ni mchoro wa vituo: seli nzima inakuwa nukta moja inayopokea mishtuo, inajaa, ikifika kizingiti inatoa mpigo na kuanza upya. The Virtual Brain, iliyozaliwa kwa ushirikiano wa watu wa Marseille na Toronto, ni ya mikoa: ubongo wote unagawanywa maeneo kadhaa, kila eneo linawakilishwa na milinganyo michache ya wastani, na njia kati ya maeneo zinachukuliwa kwenye picha za MRI za mtu mwenyewe. Yule daktari wa kifafa aliyekuwa anatafuta kahawa atasimama hapo. Ufaransa kumekuwa na majaribio ya kitabibu ya kuona kama ubongo ulioigwa wa mgonjwa unaweza kumsaidia daktari wa upasuaji kukisia degedege linaanzia wapi. Ukimwonyesha daktari huyu milango ya sodiamu ataaga kwa adabu.

Niseme kidogo juu ya Brian, maana ina tabia moja inayowapendeza watu wa maabara kuliko picha yoyote. Romain Brette na Dan Goodman waliitangaza mwaka 2008, na wazo lao ni kwamba mlinganyo uandikwe kwenye programu kama unavyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na vipimo vyake. Unaandika kwamba mabadiliko ya v ni pengo kati ya v na mapumziko yake, ongeza ukinzani mara mkondo, gawanya kwa muda. Kila namba ina kipimo chake: milivolti, nanoampea, milisekunde. Mbele ya mgeni, futa ule ukinzani kwa makusudi, ili ujumlishe volti na ampea. Programu inakataa kuendelea na inakuambia vipimo haviendani. Mtu aliyewahi kupoteza wiki nzima kwa sababu alichanganya vipimo hahitaji maelezo zaidi.

Jingine la kufanya mbele yao ni kupunguza hatua ya hesabu nusu, kisha nusu tena. Mstari ukibaki palepale, vizuri. Ukihama, basi ulichokuwa unaonyesha kilikuwa tabia ya kikokotoo, na ni heri ukijue kabla yao. Na kama mfano una bahati nasibu ndani yake, mishtuo inayokuja ovyo ovyo, uendeshe mara nyingi na uonyeshe zote. Nimeona watu wazima wakichagua ule mmoja uliotoka vizuri. Wataalamu wananusa hilo upesi, kwa sababu nao wamejaribiwa hivyohivyo na data zao.

Chuki ya wanasayansi wa ubongo dhidi ya maonyesho makubwa ina historia. Novemba 2009, kwenye kongamano la kompyuta kubwa huko Portland, Marekani, watafiti wa IBM wakiongozwa na Dharmendra Modha walitangaza kwamba wameiga gamba la ubongo kwa ukubwa unaozidi wa paka: nyuroni, yaani seli za neva, zaidi ya bilioni 1.6, na sinapsi, yaani viungo kati ya seli hizo, karibu trilioni 9. Walipata tuzo. Magazeti yakaandika paka amewekwa kwenye kompyuta. Ndani ya siku chache Henry Markram, mtaalamu wa ubongo aliyekuwa Lausanne, Uswisi, akaandika barua kali ya wazi akiliita tangazo hilo utapeli, hoja yake kubwa ikiwa kwamba nyuroni zile zilikuwa nukta tu, bila matawi wala milango ya seli za kweli. Paka alikuwa idadi. Mkia, ndevu na hila zake hazikuwamo.

Lakini Markram naye hakuwa mtu wa kujizuia. Mwaka huohuo alikuwa amesimama jukwaani Oxford akisema kujenga ubongo wa binadamu kwenye kompyuta kunawezekana ndani ya miaka 10. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukaanzisha Human Brain Project, mradi uliotajwa kuwa wa yuro bilioni moja, na yeye kinara. Mwaka 2014 mamia ya wanasayansi wakatia saini barua ya kuupinga ulivyokuwa unaendeshwa, uongozi ukabadilishwa, na mradi ukafungwa mwaka 2023 ukiwa umeacha zana nyingi za maana na bila ubongo wa binadamu. Kazi ya kikundi chake iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuwa ya kina kwelikweli: nyuroni 31,000 hivi, na matawi yake yote. Kilichoigwa kilikuwa kipande cha gamba la ubongo wa panya, karibu theluthi moja ya milimita moja ya ujazo. Punje ya mchele ni kubwa kuliko hapo. Binadamu ana nyuroni kama bilioni 86.

Mwaka 2013 pia, huko Kobe, Japani, NEST iliendeshwa kwenye kompyuta iitwayo K, ikatumia prosesa 82,944 kuiga nyuroni bilioni 1.73. Sekunde moja ya maisha ya mtandao ule ilichukua dakika 40. Waliofanya hawakudai kwamba mtandao ule unafikiri. Seli zilikuwa zimeunganishwa kwa bahati nasibu. Walitaka kujua kama programu na mashine vinahimili mzigo, na wakasema hivyo. Ni kama kupakia lori mchanga ili upime chesisi. Huwezi kulaumiwa kwamba mchanga ule haukujenga nyumba, mradi hukuahidi nyumba.

Swali gumu zaidi linaweza kuulizwa kwa sauti ya chini na mama mmoja wa makamo aliyenyamaza muda wote: "Mstari wako unalingana na wangu. Je, ungeweza kulingana kwa namba nyingine?" Hapa hata mfano mzuri unatoa jasho. Katika tumbo la kaa na kambakoche kuna kifundo cha neva chenye seli kama 30, kinachoendesha mdundo wa kusaga na kuchuja chakula. Mwaka 2004, Astrid Prinz, Dirk Bucher na Eve Marder wa Chuo Kikuu cha Brandeis waliunda matoleo zaidi ya milioni 20 ya sehemu ya mtandao huo, kila moja na namba zake za milango na sinapsi. Zaidi ya 450,000 yalitoa mdundo unaokubalika kwa vigezo vya mnyama halisi, ingawa namba zake zilikuwa mbalimbali mno. Wapishi wawili wanaweza kukuletea mchuzi wa ladha moja, mmoja kwa ukwaju na mwingine kwa ndimu, na ulimi wako usijue. Kwa hiyo mfano unaolingana na data umejibu tu kwamba mambo *yanaweza* kwenda hivi. Ili kujua kama yanakwenda hivi, itabidi mfano utabiri jambo ambalo hakuna aliyelipima bado, kisha mtu arudi maabara akalipime.

Ndiyo maana onyesho ninalolipenda siku hizi ni la nzi. Wale vijinzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ishaka, magharibi mwa Uganda, shirika la TReND in Africa limewahi kuendesha kozi za kuwafundisha wanasayansi wa Afrika kuwatumia nzi hao, kwa kuwa nzi hawahitaji banda wala daktari wa mifugo. Mwaka 2024 ramani kamili ya ubongo wa jike mmoja ilichapishwa: nyuroni 139,255 na sinapsi zaidi ya milioni 50. Kundi la Philip Shiu na wenzake likaichukua ramani ya ubongo huo na kuigeuza kuwa mfano, wakitumia Brian. Mfano wenyewe ni mwepesi kiasi cha kuaibisha. Kila seli ni nukta, zote zina kizingiti kimoja, nguvu ya kiungo inafuata idadi ya sinapsi, na kama kinachochea au kinazuia inategemea kemikali inayokisiwa kuwa seli hiyo inaitumia. Laptopu inatosha.

Onyesho linakwenda hivi. Unawasha seli zinazoonja sukari, na hakuna kingine unachogusa. Mishtuo inaenea kwenye mtandao, inapita seli za katikati, na baada ya muda inafika kwenye seli inayosukuma misuli ya mrija wa kunyonyea. Nzi wa kompyuta ametoa ulimi. Unaongeza seli za uchungu, ulimi unarudi. Kisha unafungua orodha ya seli za katikati ambazo mfano ulisema lazima zihusike, na unaonyesha zile ambazo watafiti walikwenda kuziwasha na kuzizima ndani ya nzi hai, moja baada ya nyingine, na walichokikuta. Nyingi zilikubaliana na utabiri. Hata zile zilizokataa zina faida, kwani sasa unajua ramani peke yake inaishia wapi.

Mtu wa panya bado yupo. Ameshika panya, lakini safari hii ni ya kompyuta, uliyomwachia mwenyewe. Amezima seli moja ya katikati, ameendesha, ameirudisha, amezima nyingine. Foleni nyuma yake imeanza kunung'unika. Halafu anageuka.

"Na huyu nzi ameshiba au ana njaa?"

Hana tumbo. Hana homoni, wala zile kemikali zinazopita nje ya sinapsi na kumfanya nzi aliyeshiba aipuuze sukari ambayo asubuhi aliivamia. Unamwambia hivyo, naye anatoa kalamu na kuandika jambo nyuma ya kitambulisho chake.

"Hiyo naweza kuipima," anasema, na anakuomba faili.